NYASI, UDONGO NA NYUMBA YA MWANAUSHIRIKA

(Maneno ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, Tabora)



Mmezoea kuniona nikifika kwenu na kalamu nyekundu, na wengi wenu hunikaribisha chai huku mkitazama kabati la stakabadhi. Leo sikuja kukagua daftari la mtu. Nimekuja kuzungumzia nyumba, kwa sababu katika msimu huu vyama vitatu vya msingi vimeniuliza swali moja: je, mwanachama anaweza kusaidiwa na chama chake kujenga nyumba ya kudumu, na ajenge kwa kitu gani?

Sehemu ya kwanza ya swali hilo jibu lake ni fupi. Someni masharti ya chama chenu. Kama masharti hayaruhusu mkopo wa nyumba, basi hakuna mkopo wa nyumba, hata mkutano mkuu ukipiga makofi. Fedha ya pembejeo ni ya pembejeo. Kama mnataka vinginevyo, rekebisheni masharti kwa njia ya halali, yapelekwe kwa Mrajis, kisha tuzungumze. Hapo sitaongeza neno.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonileta. Kijana mmoja wa Igunga, mkulima wa mpunga, alinionyesha picha ya nyumba iliyojengwa huko Marekani kwa marobota ya nyasi kavu. Akaniambia, “Mzee Mkaguzi, sisi kila mwaka baada ya kupura tunachoma mabua ya mpunga shambani moshi ukatanda mpaka barabarani. Wenzetu wanayajengea nyumba. Kuna dhambi gani tukijaribu?” Nakiri kwamba nilicheka. Kisha nikaona haya, maana niligundua kwamba sikuwa na hoja yoyote ya kumjibu. Nikaenda kutafuta habari.

Habari yenyewe ni ya kweli. Katika jimbo la Nebraska liko eneo kubwa la vilima vya mchanga. Walowezi waliofika huko mwishoni mwa karne ya 19 walikuta nchi isiyo na miti ya kupasua mbao, na udongo wa kichanga usiofaa kukatwa mabonge ya kujengea. Walichokuwa nacho ni nyasi tele, na mashine mpya za kufungia marobota. Wakayapanga marobota kama matofali, safu juu ya safu, viungo vikipishana, wakayapigilia vijiti yashikane, wakaezeka, kisha wakakandika udongo au lipu ndani na nje. Walidhani ni makao ya muda tu. Lakini liko kanisa katika mji mdogo wa Arthur, lililojengwa hivyo mwaka 1928, nalo limesimama kuliko wengi wa waliolijenga. Ujenzi huo ulisahauliwa saruji ilipoenea, ukafufuliwa katika miaka ya 1980.

Mtu atauliza, je, nyasi hazishiki moto? Nyasi zilizotawanyika huwaka upesi, kama tujuavyo sote. Nyasi zilizobanwa hata hewa isipite, tena zikakandikwa pande zote mbili, huwaka kwa shida sana, mfano wa kitabu kilichofungwa na karatasi moja moja. Adui mkubwa wa nyumba ile ni maji. Robota likipata unyevu ndani ya ukuta litaoza, na hakuna lipu itakayoliponya.

Hapo ndipo nilipomrudia yule kijana, tukakaa chini tukahesabu. Kwanza, mashine ya kufungia marobota hatuna, ingawa kasha la mbao lenye mti wa kushindilia linaweza kufanya kazi hiyo polepole. Pili, Igunga ni nchi ya ng’ombe, na mabua yale ambayo yeye anayachoma, jirani yake angeyanunua mwezi wa Septemba wakati malisho yamekauka. Tatu, na hili ndilo kubwa, Nebraska walikuwa na baridi kali, sisi tuna mchwa. Robota la mabua likiwekwa ardhini katika nchi ya miyombo ni karamu iliyoandaliwa. Nilimwambia ajaribu banda la kuku kwanza, juu ya jukwaa la mawe, nasi tutazame misimu miwili. Amekubali, nami nimeahidi kwenda kulitazama.

Lakini, ndugu zangu, swali lake lilinifungua macho juu ya jambo jingine. Nyasi na udongo si mambo ya kujifunza Nebraska peke yake. Tuko Unyanyembe. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo ilifika hapa, ikaendelea mpaka Ujiji. Na kila msafiri aliyepita alilala katika nyumba ya udongo. Burton na Speke walipofika Kaze mwezi Novemba 1857 walikaribishwa katika tembe. Livingstone alikaa Kwihara, kilometa chache kutoka hapa tulipo, tangu Februari mpaka Agosti 1872, katika tembe yenye kuta nene, ambayo mfano wake unaonyeshwa hadi leo kama jumba la makumbusho. Nendeni mkaitazame, lakini kwa macho ya fundi. Guseni ukuta saa nane mchana, jua linapowaka, ndipo mtajua kwa nini waliokaa humo hawakuhitaji bati.

Tembe ilikuwa nyumba ya nguzo, fito na udongo, nayo paa lake ni bapa: boriti, juu yake fito, juu yake nyasi au magome, na juu kabisa udongo ulioshindiliwa. Jirani yake ilikuwa msonge, nyumba ya duara iliyoezekwa nyasi. Wenyeji walijua sifa na kasoro za kila moja. Msonge humwaga mvua upesi lakini huogopa moto. Katika vita vya mwaka 1871 kati ya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, sehemu ya Tabora iliteketea. Tembe haiogopi cheche, lakini paa lake ni zito, hula boriti nene nyingi, na mvua kubwa ikipata ufa mmoja, mwenye nyumba atalala amekaa. Sipendi masimulizi yanayoisifu nyumba ya zamani kana kwamba haikuvuja. Ilivuja.

Tukaiacha. Ilikuja kampeni ya nyumba bora katika miaka ya 1970, pamoja na kuhamia vijijini, na nyumba bora ikawa na maana moja: tofali la kuchoma, saruji, bati. Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma na kufundisha hapa Tabora, alilalamika mwaka 1977, alipokuwa akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, kwamba watu wanangoja saruji na bati kana kwamba nchi haina udongo. Saruji, alisema, ni udongo wa Ulaya tu. Yeye alitaka tujenge kwa tofali la kuchoma na vigae. Kwa heshima zote, hapo namfuata nusu ya njia. Misitu aliyoiacha si hii tuliyo nayo.

Niruhusuni nieleze kosa langu mwenyewe. Nilipopata kazi ya ukaguzi, nikiwa bado kijana, nilitaka kujenga nyumba kijijini kwa mama yangu. Nilifyatulisha matofali 6,000, nikapanga tanuru. Kuni nilizitoa katika kipande cha msitu nyuma ya mashamba yetu, kwa sababu nilikuwa na haraka na mvua ilikuwa karibu. Katika miti ile mjomba wangu alikuwa ametundika mizinga ya nyuki tangu sijazaliwa. Wakataji waliishusha mizinga wakaipanga chini kwa adabu, kama kwamba nyuki watasoma tangazo la kuhama. Tanuru lilipigwa na mvua siku ya pili. Karibu nusu ya matofali yakatoka mabichi au yamepasuka. Nyumba ilisimama. Mjomba alikuja siku ya kuingia, akala, akashukuru, kisha akaniuliza, “Mpwa wangu, wewe unajua hesabu. Umeandika wapi asali yangu?”

Sikuwa nimeiandika popote. Tangu siku hiyo kila ninapokagua hesabu za ujenzi wa ofisi au ghala la chama, natafuta mstari wa kuni. Mara nyingi haupo, au umeandikwa gharama ya kusomba tu. Mti wenyewe umeingia bure. Ndiyo maana katika vitabu vyetu tofali la kuchoma linaonekana rahisi. Na ninyi wakulima wa tumbaku mnajua zaidi yangu, kwa sababu bani nalo linadai kuni zake kila msimu. Tangu tumbaku ilipoanza kulimwa Urambo mwaka 1951, baada ya mpango wa karanga kushindwa, moto wa mabani haujazimika. Msitu mmoja hauwezi kukausha tumbaku, kuchoma matofali, kupika ugali na kufuga nyuki kwa wakati mmoja, tena tukautegemea kwa mvua.

Basi ninachoshauri ni tofali bichi lililochanganywa na nyasi, lijengwe juu ya msingi wa mawe, chini ya paa pana. Wasomaji wa Biblia mtakumbuka kwamba Waisraeli kule Misri walinyimwa majani makavu lakini wakadaiwa matofali yale yale. Farao alijua anachofanya. Udongo wenye mfinyanzi ukikauka hunywea, na ukinywea hupasuka. Nyasi zilizokatwa fupi huushika udongo pande zote, hata ule ufa mmoja mkubwa ukagawanyika kuwa nyufa ndogo zisizo na madhara.

Kazi ianze kwa kuujua udongo. Chukueni chupa yenye mdomo mpana, tieni udongo mpaka nusu, jazeni maji, tikiseni sana, muiache mpaka kesho yake. Mchanga utalala chini, tope laini katikati, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukiwa kidogo mno, tofali litamomonyoka. Ukiwa zaidi ya theluthi moja, ongezeni mchanga. Udongo wa kichuguu ni mzuri sana kwa kazi hii, na wazee wetu waliutumia kwa sakafu. Mchwa yule yule anayekula boriti ndiye anayetuchekechea udongo, kwa hiyo tusimlaani moja kwa moja.

Nyasi zikatwe urefu wa kidole, zichanganywe na udongo na maji, ziachwe zilale siku kadhaa hata mchanganyiko uanze kunuka kidogo. Kisha fyatueni. Tofali likauke kwanza kivulini au likiwa limefunikwa nyasi, kwa maana jua kali la Agosti hukausha ngozi na kuacha tumbo bichi. Baada ya siku chache ligeuzwe lisimame kwa ubavu. Msijenge kabla halijakauka ndani. Vunjeni moja mtazame rangi ya katikati.

Msingi usiwe na mzaha. Mawe tunayo, Mungu aliyatawanya milimani kwetu bila kibali. Msingi upande juu ya ardhi kiasi cha kufika gotini, ili matone yanayoruka yasipige tofali, na ili njia ya mchwa ionekane. Mchwa hapiti hadharani. Hujenga bomba lake la udongo juu ya jiwe, nanyi mtaliona na kulibomoa. Kila Jumamosi mtu azunguke nyumba. Upenu utokeze nusu mita au zaidi. Ukuta ukandikwe kwa udongo na samadi ya ng’ombe, na kila mwaka kabla ya Novemba sehemu zilizochoka zikandikwe tena. Mkiweka lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo, itashika mwaka mmoja, kisha itabanduka kama ganda la yai, nayo itakuwa imeficha unyevu nyuma yake.

Wako watakaosema hiyo ni nyumba ya kimaskini. Najua. Binti akiposwa, wakwe hutazama bati. Siwezi kuwaamuru watu waone fahari kitu wasichokionea fahari. Ninaweza kusema tu kwamba paa la bati juu ya ukuta wa tofali bichi halina ubaya wowote, na kwamba asiyetaka tofali bichi yuko huru kutumia tofali la kufungamana, lile la udongo na saruji kidogo linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001, umefundisha vikundi vingi namna ya kulitengeneza. Mashine hiyo chama kinaweza kuinunua kwa pamoja, kwa sharti kwamba iandikwe katika daftari la mali, iwe na mtunzaji, na kila anayeiazima atie sahihi. Nimeona mashine moja ya chama ikizeeka katika ua wa mtu mmoja, naye si mwenye chama peke yake.

Kwa kumalizia taarifa: moja ya vyama vile vitatu kimeamua, kwa mkutano uliokuwa na akidi, kujenga chumba cha mlinzi wa ghala kwa tofali bichi na nyasi. Hakuna mkopo uliochukuliwa. Wanachama wanafyatua kwa zamu, na katibu ameagizwa kuandika kila siku ya kazi, kila debe la maji, na mstari wa kuni, ambao natumaini utabaki mtupu. Nitakwenda huko mara mbili, sasa wakati wa kufyatua, na tena baada ya mvua za kwanza. Nitakachokiona nitakiandika katika gazeti hili, kiwe kizuri au kibaya. Wajumbe wanaotaka udongo wao utazamwe walete chupa zao ofisini kwangu siku ya mkutano wa mwezi ujao, kila chupa ikiwa na jina la kijiji na mahali ulipochimbwa udongo. Tafadhali zifungwe vizuri. Karani wangu amekwisha kulalamika.