Redio ya Ugenini, Masafa ya Nyumbani

Msikilizaji, leo nazungumzia kifaa kinachoingia nchini Tanzania ndani ya mabegi ya wageni, na ya ndugu zetu wanaorudi likizo kutoka Marekani. Ni redio ya upepo ya mkononi, ile ambayo walinzi na waongoza watalii wanaiita redio koli, ila hii ina GPS ndani yake. Inayojulikana zaidi ni Rino ya kampuni ya Garmin, iliyoanza kuuzwa mwaka 2002. Ukibonyeza kitufe ukazungumza na mwenzako, unapokiachia redio inaweza kumpelekea pia mahali ulipo, na alama yako ikatokea kwenye ramani yake. Kwa anayeongoza kundi katika ukungu wa Shira kule Kilimanjaro, au kwa wanakijiji wanaomtafuta mzee aliyepotelea msituni, msaada huo ni mkubwa. Naelewa kabisa kwa nini mtu anatoa fedha zake kuinunua. Lakini nusu moja tu ya kifaa hicho inaruhusiwa kufanya kazi popote utakapokipeleka.

Nusu hiyo ni ile inayosikiliza. Setilaiti za GPS zinazunguka juu yetu umbali wa zaidi ya kilomita 20,000, zinarusha mawimbi, na kifaa kinayapokea. Hakirudishi chochote huko juu. Ndiyo maana kinasoma mahali ulipo ukiwa Moshi kama kinavyosoma ukiwa Denver. Nusu ya pili inarusha, na kinachorushwa kinaingia kwenye masafa ambayo hapa nyumbani yana wenyewe.

Redio hizi zimeundwa kwa masafa ya Marekani, megahezi 462 na 467. Mwaka 1996 mamlaka ya mawasiliano ya huko, FCC, iliruhusu familia zizungumze humo bila leseni kwa nguvu ndogo; anayetaka nguvu kubwa zaidi hukata leseni. Ulaya walichagua megahezi 446. Australia wako kwenye 476 na 477. Kila upande ulipanga kulingana na masafa yaliyokuwa tayari yanatumika kwao, kwa hiyo tatizo halitokei Marekani peke yake. Mfaransa akienda Marekani na redio aliyoinunua kihalali kwao, atakuwa anazungumza ndani ya masafa waliyopewa watu wa redio za ridhaa.

Sasa tuingie bandarini. Chaneli ya 8 ya redio hizi za Kimarekani iko megahezi 467 nukta 5625. Masafa hayo hayo, tarakimu kwa tarakimu, ni miongoni mwa yaliyotengwa kimataifa kwa mazungumzo ya ndani ya meli. Ofisa aliyeko juu kwenye chumba cha usukani huyatumia kuwaelekeza mabaharia walioko omo na tezi wakati meli inafunga gati. Fikiria meli ya makontena inaingia Kilindini kule Mombasa, au inapita mlango wa bandari ya Dar es Salaam. Kamba nene imekazwa na winchi, ofisa anatoa amri ya kusimamisha, na katikati ya amri hiyo inaingia sauti ya watoto wanaocheza na redio za zawadi kwenye roshani ya hoteli ufukweni. Kamba ya meli ikikatika ikiwa imevutwa hivyo, inaweza kumuua aliyesimama karibu nayo. Wale watoto hawana kosa lolote, na mzazi wao hajui kabisa kilichotokea.

Mlimani nako kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei. Masafa haya husafiri kwa mstari ulionyooka. Ukiwa bondeni, msitu na ukingo wa kilima huyazuia, na zile maili nyingi zilizoandikwa kwenye boksi huzioni. Ila ukifika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, upeo wa macho uko zaidi ya kilomita 250. Siku ya anga safi Kilimanjaro huonekana hadi Nairobi, na mahali panapoonekana, mawimbi nayo yana njia. Mtu aliyesimama pale na redio ya wati 5, akisema kwa furaha kwamba wamefika, anaweza kusikika Moshi, Arusha na ng'ambo ya mpaka, kwenye masafa ambayo huenda kiwanda au kampuni ya ulinzi inayalipia.

Wala yeye hatawasikia wakilalamika. Redio hizi zina kitu kinachotangazwa kama msimbo wa faragha, na wanunuzi wengi wanaamini kwamba unayaficha mazungumzo yao. Haufichi neno hata moja. Kazi yake ni kuzima sauti za wengine kwenye spika yako, nawe ukadhani chaneli ni tupu kumbe kuna watu wako kazini. Na kunyamaza hakutoshi: mwenzako akiomba kujua ulipo, redio yako inaweza kumjibu yenyewe ikiwa mfukoni. Huko Marekani kwenyewe wameweka mpaka, kwamba ujumbe wa aina hiyo usizidi sekunde moja, na usirudiwe kabla ya sekunde 30 kupita, isipokuwa pale redio inapojibu yenyewe maombi zaidi ya moja.

Hapa kwetu, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka kifaa kiwe kimethibitishwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na anayetumia masafa awe na kibali. Kenya wana sheria yao ya mwaka 1998 na mamlaka yao. Alama ya FCC iliyoko nyuma ya redio ni idhini ya Marekani tu, haivuki bahari.

Hata hivyo, simlaumu sana mnunuzi. Muuzaji anajua redio ile imeundwa kwa ajili ya nchi gani, na ilikuwa haki amwambie mteja kabla ya kupokea fedha. Na mamlaka zetu nazidai jambo lililo ndani ya uwezo wao. Pale uwanja wa ndege wa KIA, na mipakani Namanga na Holili, pawe na tangazo la Kiswahili chepesi linaloeleza redio zipi zinaruhusiwa, masafa gani yanahitaji kibali, gharama yake ni kiasi gani, na ofisi ya kwenda ni ipi. Nchi zetu zina jumuiya ya mamlaka za mawasiliano, EACO, yenye makao Kigali. Naomba suala la uokoaji lipate nafasi mezani pale. Mlima Elgon uko Uganda na Kenya, Serengeti inapakana na Maasai Mara, na mtu anayemtafuta aliyepotea asilazimike kubadilisha redio kwenye jiwe la mpaka. Kibali nacho kiwe cha bei ambayo mwongoza watalii wa Marangu anaweza kuilipa kutoka mfukoni mwake.

Kama kifaa hicho unacho tayari, ingia kwenye mipangilio uizime redio, uiache GPS ifanye kazi, halafu ukakiulizie TCRA. Na wewe unayetembea na ramani za zamani za serikali, zile za 1:50,000, angalia jambo moja zaidi. Ramani hizo zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS hutoka kiwandani ikiwa kwenye WGS 84. Namba zile zile zikisomwa kwa mifumo miwili tofauti zinakuhamisha mita 300 hivi, na kwenye miteremko ya Machame hiyo inatosha kukuweka ng'ambo ya korongo. Linganisha mifumo hiyo ukiwa bado getini, na uwaambie wanaobaki chini ni upi utakaoutumia kuwatajia mahali ulipo.