Mraibu Bado Anachagua

Mwaka 1971 serikali ya Rais Nixon ilipata habari za kutisha kutoka Vietnam: askari wa Marekani walikuwa wakitumia heroini kwa wingi, tena safi na ya bei ya chini. Ikatolewa amri kwamba hakuna askari atakayepanda ndege kurudi nyumbani kabla mkojo wake haujapimwa. Mwanasosholojia Lee Robins wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, alipowafuatilia waliorejea, karibu mmoja kati ya watano alikiri kwamba kule alikuwa mraibu. Kati ya hao, asilimia 5 hivi tu walinaswa tena na uraibu katika mwaka wao wa kwanza nyumbani.

Wanaoamini kwamba uraibu unaua hiari hawana jibu jepesi hapo. Wala wanaosema yote ni moyo wa mtu, kwani askari hao hawakupata moyo mpya ndani ya ndege. Kilichobadilika ni mazingira: muuzaji hakuwa tena mlangoni. Mke, wazazi na kazi walikuwa karibu.

Wachumi Gary Becker na Kevin Murphy walidai mwaka 1988 kwamba mraibu hupiga hesabu, akipima raha ya leo na gharama ya kesho. Wana hoja: sigara ikipanda bei, wavutaji hupunguza. Lakini hesabu yao inamchukulia mtu kama asiyegeuka. Teja, kama mtaa unavyomwita, anaapa usiku kwa dhati. Alfajiri arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, ikimshika, mifupa inauma, kamasi zinatiririka, na kete ya heroini iliyo jirani inafunika kila alichoapa. Daktari wa akili George Ainslie ameueleza mgeuko huo: malipo yaliyo karibu huvimba machoni kuliko makubwa yaliyo mbali. Kiapo cha usiku hakikuwa uongo.

Kliniki ya methadoni iliyoanza katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011 inaonyesha hiari ya mraibu ikifanya kazi. Mraibu anafika kila siku, anapewa dozi ya majimaji, anaimeza mbele ya mhudumu. Dawa inatuliza arosto, lakini haimwamshi wala haimpandishi daladala. Hilo ni lake, na asipofika anastahili kuulizwa. Kuulizwa si kutukanwa: mwanafalsafa Hanna Pickard anatetea kumtaka mraibu awajibike bila kumtwisha lawama, na yuko sahihi. Anayeitwa mwizi mtaani kutwa nzima hana cha kupoteza akirudi maskani.

Wajibu huo hauishii kwake. Kwa asiye na kazi, nauli ya kila siku ni mlima. Huduma iliposogezwa Mwananyamala na Temeke, gharama ya kuacha unga ilishuka kwa wakazi wa huko, hesabu ambayo Becker na Murphy wangeikubali. Mraibu wa wilaya isiyo na kliniki anadaiwa uamuzi uleule kwa gharama kubwa zaidi, na wanaopanga bajeti za afya wanaweza kuipunguza.