Mtu wa Zamu



Leo twataka kumtafakari mwendesha mitambo, yule ambaye watu humwita opereta. Katika soko la Ekerenyo, huku Mugirango Kaskazini, opereta wa kwanza ambaye kila mtoto humfahamu ni yule wa kinu cha posho. Nyusi zake ni nyeupe kwa unga, naye hutambua kwa kusikia tu kama mahindi yaliyomiminwa ni makavu au bado yana unyevu. Vijana wetu wengi huanzia hapo. Kisha mmoja hupata nafasi katika kiwanda cha chai, labda Kebirigo, au Sanganyi, au Gianchore, au Nyansiongo, akawekwa penye boila. Baada ya miaka michache twasikia yuko Awendo, kwenye kiwanda cha sukari. Mwingine aliacha viwanda kabisa akajifunza kuendesha greda na katapila, na ilipojengwa reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi, miaka ya 2014 hadi 2017, vijana wengi wa namna hiyo walikwenda huko kuchimba na kusawazisha udongo.

Basi kila aingiapo lango jipya huambiwa, "Wewe ni mtu wa chai, sukari utaijulia wapi?" Naye huanza upya, kwa mshahara wa mtu asiyejua kitu.

Hebu tuangalie kama neno hilo ni la haki. Katika kiwanda cha chai, boila huchoma kuni, nyingi zikiwa za mikaratusi, na mvuke wake hupasha moto hewa inayokausha majani. Kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo 1 tu ya chai kavu. Sehemu kubwa ya kazi ya kiwanda ni kuondoa maji. Kule kwenye sukari hakuna kuni. Huchomwa makapi ya miwa yaliyokwisha kukamuliwa, na mvuke huzungusha mitambo na kuchemsha maji ya miwa mpaka yawe mazito. Hospitali kubwa nazo zina boila za kufulia mashuka na kuchemshia vyombo. Moto ni mbalimbali na bidhaa ni mbalimbali, lakini maji ni yale yale, presha ni ile ile, na valvu ya usalama hukaa pale pale juu. Aliyejifunza vema penye chai hakuja Awendo mikono mitupu.

Katika kitabu cha 1 Wafalme sura ya 7 twasoma habari za Hiramu, si yule mfalme, bali fundi wa shaba, mwana wa mjane wa kabila la Naftali, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Tiro. Mfalme Sulemani alituma watu wamlete kutoka Tiro. Hatusomi kwamba aliambiwa aanze kwa kubeba maji kwa sababu hajawahi kufanya kazi Yerusalemu. Alipewa nguzo mbili za shaba, na vyombo vya nyumba ya Bwana, akavisubu katika udongo wa bonde la Yordani, kati ya Sukothi na Sarethani. Mfalme aliuona ujuzi uliokuwa ndani ya mtu. Wenye viwanda wa siku hizi wangefaa kuisoma sura hiyo.

Hata hivyo, ujuzi wenyewe ni nini? Tulitazame jambo moja tu, kioo cha maji. Ni bomba dogo la kioo ubavuni mwa boila, ambalo huonyesha maji yamefika wapi ndani. Maji yakishuka mno, chuma kinachopigwa na moto hukosa cha kukipoza, kikalegea. Hapo mtu mwenye hofu hukimbilia kufungulia maji baridi, na hilo ndilo liletalo maafa, kwa kuwa maji yakigusa chuma kilichowaka hugeuka mvuke mara moja, na maji yageukapo mvuke hewani huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya kwanza. Opereta aliyefundishwa huondoa moto kwanza, wala haongezi maji.

Tena kioo chenyewe huweza kudanganya. Njia yake ikizibwa na uchafu wa maji, hubaki kinaonyesha maji yaliyotulia vizuri, hali ndani yamekwisha. Kwa hiyo katika kila zamu yampasa opereta kukifungulia kioo, maji yatoke kwa kishindo, kisha afunge na kutazama kama yatarudi upesi. Yakirudi polepole, kioo hicho si cha kuaminiwa. Kazi hiyo ni ya dakika mbili, na hakuna anayemwona akiifanya au akiiacha.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kitabu cha zamu. Kila saa yapasa kuandikwa presha ni ngapi, maji yako wapi, mambo gani yametokea. Saa nane za usiku, mvua ikinyesha, bwana mkubwa amelala. Wako wanaolala nao, halafu saa kumi na moja alfajiri huijaza safu yote kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, tarakimu zote nzuri. Mwenzao anayeingia asubuhi huzisoma akaziamini. Maisha yake amewekewa juu ya karatasi hiyo. Twasema bila kuficha, ndugu, huo ni ushuhuda wa uongo juu ya jirani, ingawa hakuna jina la mtu lililotajwa.

Lakini yako pia makosa yasiyo ya opereta. Yuko anayeambiwa, "Valvu inavuja, ifunge kwa waya, tumalize majani ya leo." Huyo ana watoto, na karo ya shule haijalipwa. Na ajue kwamba sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini, ya mwaka 2007, yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi aonapo hatari kubwa, na tena yamkataza mwajiri kumrudisha mahali pale kabla hatari haijaondolewa. Tunalisema hili redioni kwa sababu wengi hawajaambiwa.

Na yule ambaye ujuzi wake hauna karatasi, aende kwenye mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, aulizie mitihani ya madaraja. Huanzia daraja la 3 na kupanda hadi la 1, na aliyejifunzia kazini aweza kufanya. Karatasi hiyo humsaidia kujibu pale langoni.

Hatusahau kwamba mashine yenyewe huleta uchungu. Mwezi Mei 2023, huko Kericho, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto katika maandamano, na mtu mmoja akapoteza maisha yake. Anayeiendesha mashine ile mara nyingi ni mtoto wa mama aliyechuma kwa mikono. Tumwombee yeye, na mama pia.

Katika sharika zetu mtu huyu huhesabiwa miongoni mwa watoro, kwa kuwa zamu haifuati kengele ya kanisa. Wazee wa kanisa, kabla ya kupanga siku ya kumtembelea, mwulizeni mkewe zamu ya juma hili ni ipi. Na mkimkuta amelala mchana, mwacheni alale, mwombe pamoja na wale walioko, kwa sauti ndogo.