Kitabu Kimoja, Wasomaji Wengi



Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Unguja alipotoa "Qurani Takatifu" mwaka 1969, wengi wasiojua Kiarabu walipata kuisoma maana yake kwa Kiswahili. Hapa Rwanda Kiswahili ni lugha ya Waislamu tangu zama za wazee wa Nyamirambo, na mwaka 2017 kikafanywa lugha rasmi. Lakini kijana wa chuo, aliyesomeshwa kwa Kiingereza, huyaona mazito maneno ya tafsiri ile. Na mzee ayajuaye, macho yake hayazioni tena herufi.

Basi na wakae pamoja, kila jioni ya Alhamisi, juu ya ukurasa mmoja. Kijana asome, mzee aeleze neno, mwalimu asahihishe. Atakayetatizika aulize, wala asichekwe. Na watakaohitilafiana wamrejee mwenye elimu kabla hawajaondoka. Asomaye peke yake akikosea hana wa kumrudisha njiani.

Wasipokutana sasa, wazee watakwenda na maneno yao, na kitabu kitabaki kabatini. Mwenyezi Mungu awape taufiki. Amin.