Kamba Zikilala Mzigo Huzidi: Maneno kwa Wafungaji wa Mizigo



Leo twataka kusema juu ya kufunga mizigo inayoinuliwa kwa kreni au winchi, ikiwa ni bandarini Kilindini, kwenye majengo ya ghorofa au katika karakana. Mpita njia huona ni kazi ndogo. Sisi tuliomo twajua kwamba aliyefunga vibaya mara nyingi siye anayeumia. Huumia mwenzake aliye chini.

Kwanza tujue uzito. Mapatano No. 27 ya Shirika la Kazi Ulimwenguni, ya mwaka 1929, yasema mzigo wowote wa kilo 1,000 au zaidi unaosafirishwa kwa meli uandikwe uzito wake kwa nje. Ukiwa hauna maandishi, tumwulize karani, wala tusikisie kwa macho. Sanduku dogo la vyuma laweza kuwa zito kuliko robota kubwa la pamba.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni pembe ya kamba. Mzigo wa kilo 1,000 ukishikwa na kamba mbili zilizosimama wima, kila kamba yavutwa kwa kilo 500. Hapo hakuna ubishi. Kamba zikitanuka zikawa digrii 60 kutoka usawa wa chini, kila moja yavutwa kwa kilo 577. Kwa digrii 45 ni kilo 707. Kwa digrii 30 ni kilo 1,000 kamili, kila kamba! Mzigo ni ule ule na kamba ni zile zile, ila zimelala. Ndiyo sababu kamba iliyofaa asubuhi huweza kukatika adhuhuri, kisha mfungaji akaambiwa amezembea.

Hakuna haja ya chombo cha kupimia. Tazama nafasi iliyo kati ya pahali pawili kamba zinaposhika mzigo. Urefu wa kila kamba ukiwa sawa na nafasi hiyo, pembe ni digrii 60. Kamba zikiwa fupi kuliko hapo, simamisha kazi, uombe kamba ndefu au boriti ya kuinulia.

Tena kuna shakeli, kile chuma kilichopinda kinachofungwa kwa pini. Pini ikipotea, wengine hutia bolti yoyote inayoenea. Haifai kabisa, kwa maana bolti ile haikutengenezwa kwa kazi hiyo, nayo hupinda. Shakeli ivutwe kwa urefu wake, isivutwe ubavuni. Mnyororo usifupishwe kwa fundo. Mzigo ukae ndani ya kulabu, usikae kwenye ncha, na kulabu iliyopanuka mdomo iondolewe. Waya uliochanika usipapaswe kwa mkono mtupu. Na chombo kisicho na alama ya uzito wake wa salama, sisi twakiona ni chuma tu.

Sasa habari ya haraka. Meli ingoja, lori lapiga honi, msimamizi apiga kelele. Kibarua anayelipwa kwa siku huogopa kunena, maana kesho huenda asiitwe. Twamwelewa. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka minyororo, kamba na vyombo vya kuinulia vikaguliwe na mtu aliyekubaliwa angalau mara moja kila miezi 6. Tena yasema kwamba mfanya kazi aliyeondoka pahali kwa sababu ya haki ya kuamini kuna hatari kubwa ya karibu asifukuzwe wala asiadhibiwe. Amwarifu msimamizi wake mara moja, na afadhali mbele ya mashahidi.

Kwa hivyo kila mjumbe wa tawi amwombe tajiri wake amwonyeshe cheti cha ukaguzi wa mwisho, aandike tarehe yake, alete ofisini. Akikataliwa, aandike hivyo pia, pamoja na jina la aliyekataa.

Hapa mezani tumeweka kamba mbili, shakeli na gunia la mchanga. Baada ya chai tutaziinua kwa pembe mbalimbali. Vijana wapya wakae mbele.