Mlango wa Banda la Gari

Walio darasani na washike kalamu na daftari, maana leo tutapima, tutajumlisha na tutaandika mapatano.

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya kuchagua mlango wa banda la gari. Huenda mmoja wenu atasema, "Mimi sina gari. Somo hili ni la matajiri." Sivyo, ndugu yangu. Siku hizi watu wengi hupata riziki kwa bajaji au pikipiki, na wengine wamenunua gari dogo kwa mkopo. Chombo hicho ndicho shamba lao. Kikiibiwa usiku, asubuhi deni bado lipo. Tena mlango mbaya waweza kumwumiza mtoto au kumzuia mtu kutoka moto unapowaka. Basi yafaa tuuchague kwa akili.

Kwanza, tupime. Pima upana wa gari pamoja na vioo vyake vya pembeni. Tuseme umepata mita 2. Ongeza sentimita 20 upande wa kushoto na sentimita 20 upande wa kulia. Jumla ni mita 2 na sentimita 40. Upana wa bajaji ni karibu mita 1 na sentimita 30, kwa hiyo mlango wake waweza kuwa mwembamba zaidi. Lakini kama unatumaini kununua gari baadaye, acha nafasi ya gari tangu sasa. Kubomoa ukuta ni gharama kubwa. Kisha pima nafasi ya mlango juu, katikati na chini, kwa sababu kuta nyingi hazikunyooka. Andika vipimo vyote vitatu. Mlango utengenezwe kwa kipimo kilicho kidogo kuliko vingine. Usisahau kupima na kimo.

Pili, tutazame mlango utafungukia wapi. Mlango wa vipande viwili ni rahisi kutengeneza na rahisi kurekebisha. Kama upana ni mita 2 na sentimita 40, kila kipande ni mita 1 na sentimita 20. Ukifungukia nje, lazima nafasi hiyo iwe wazi mbele ya banda. Ukifungukia ndani, utagonga gari. Mlango wa kuteleza huhitaji ukuta mtupu pembeni, wenye upana kama wa mlango wenyewe. Mlango wa kujikunja juu hauchukui nafasi ya chini, ila huhitaji nafasi juu ya tundu la mlango. Springi yake imekazwa kwa nguvu nyingi sana. Usiifungue wewe mwenyewe. Mwite fundi aijuaye.

Tatu, je, mbao au chuma? Mbao za mninga, mvule na mtiki ni ngumu, na mchwa hawazipendi. Lakini uliza kama zimekauka. Mbao mbichi hupinda, na mlango uliopinda haufungi. Chuma hakiliwi na mchwa, lakini adui yake ni kutu. Watu wa pwani, kama Tanga, Mombasa na Unguja, wanajua jinsi hewa ya chumvi inavyokula chuma. Kipakwe kwanza rangi ya kuzuia kutu, hata upande wa chini usioonekana, ndipo kipakwe rangi ya juu.

Nne, usalama. Mlango unaofungukia nje bawaba zake huwa nje. Mwambie fundi azichomelee ncha za pini, mwizi asipate kuzichomoa. Kufuli nalo lifunikwe na kikombe cha chuma. Halafu acha matundu ya hewa, mengine chini na mengine juu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini, na cheche moja yatosha kuuwasha. Moshi wa injini una sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, nayo huua. Usiwashe injini mlango ukiwa umefungwa, hata kwa dakika chache.

Kama watu hulala katika banda, au kama limeungana na nyumba, pawe na njia ya kutoka inayofunguliwa kwa ndani bila ufunguo. Na ukinunua mlango wa umeme, uliza maswali mawili. Je, umeme ukikatika, waweza kufunguliwa kwa mkono? Je, ukimgusa mtoto, utarudi juu? Huko Marekani, tangu mwaka 1993, sheria hutaka mashine mpya za milango ya nyumbani ziwe na kinga ya kuzuia mtu asibanwe. Usiridhike na jibu la maneno. Weka kipande cha ubao chini ya mlango, uufunge, utazame.

Tano, andika mapatano. Wazee husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika upana na kimo, aina ya mbao au unene wa chuma, idadi ya bawaba, rangi, bei, fedha uliyotanguliza, na siku ya kumaliza. Wewe utie sahihi, na fundi atie sahihi. Fedha iliyobaki ilipwe mlango ukiwa umetundikwa, nawe umeufungua na kuufunga kwa mkono wako mwenyewe.

Kumbukeni neno hili: mlango mzuri humzuia mwizi aliye nje, wala haumfungii mtu aliye ndani.

Sasa jibuni maswali haya katika daftari zenu.

1. Gari na vioo vyake lina upana wa mita 1 na sentimita 90. Mlango uwe na upana gani?
2. Kwa nini tunaacha matundu ya hewa chini?
3. Andikeni mapatano mafupi na fundi wa mlango.

Kwaherini, wasikilizaji, hadi somo lijalo.