Kadi, Mashine na Sheria

Zamani, kabla ya kompyuta kuenea, kampuni ya IBM ya Marekani ilikuwa ikikodisha mashine zake za hesabu kwa sharti kwamba mwenye kukodi asitie humo kadi za kutoboa ila zile alizozinunua kwao wenyewe, ikidai kuwa kadi za wengine zingevuruga kazi. Hoja hiyo Mahakama ya Juu, mwaka 1936, iliikataa, kwa kuwa dhahiri Serikali yenyewe ilikuwa ikijitengenezea kadi zake, na mashine zilezile zikizipokea bila taabu.

Mwaka 1956, kwa mapatano na Serikali, kampuni ikaridhia kuuza mashine, si kuzikodisha tu. Serikali ikaishitaki tena tarehe 17 Januari 1969, na mwaka huohuo, pengine kwa hadhari, IBM ikatangaza kutenganisha bei ya programu na ile ya mashine, jambo lililowafungulia mlango wa riziki waandishi wa programu wasiokuwa watumishi wake. Kwa rai yangu, faida hii yapita hukumu yoyote ambayo ingeweza kutolewa. Hukumu haikutolewa: tarehe 8 Januari 1982 Serikali iliifuta kesi.